Kuchanja kuni huku kifundo cha mkono kinauma: shoka, kabari au jeki?

Mtu anayechanja kuni kila wiki, kifundo cha mkono kikianza kumsumbua, jambo la kwanza hutafuta shoka jepesi zaidi. Mara nyingi shoka jepesi ndilo linalozidisha maumivu. Pigo lililotua sawasawa, pingili ikapasuka papo hapo, halikiumizi sana kifundo. Kinachokiumiza ni yale yanayolizunguka pigo: shoka kunasa ukalitingisha ili litoke, makali kuteleza pembeni na mpini ukajizungusha mkononi, kubana mpini kwa nguvu zote kwa sababu unateleza, na kuinua kichwa cha shoka huku kifundo kimepinda.

Kwa hiyo chombo bora kwa mwenye kifundo kibovu ni kile kisichonasa ovyo, kisichojizungusha, na kinachokuruhusu kukishika kwa ulegevu. Tumevilinganisha vyombo kwa kigezo hicho, tukizingatia kuni zinazochanjwa sana kwenye maeneo ya baridi kama Njombe, Mufindi, Lushoto, Limuru na Kericho: mkaratusi (wengine huuita mlingoti), muwati, mgrevilea na msaipresi.

Kwanza, kinauma upande gani?

Jibu la swali hili linabadilisha chaguo, kwa hiyo usiliruke.

Maumivu ya upande wa gumba, yanayopanda kidogo kwenye mkono, mara nyingi ni kano za gumba zilizovimba ndani ya ala yake. Kunja gumba ndani ya ngumi, kisha pinda ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukichomwa chini ya gumba, shuku hizo kano. Mkono wa namna hii huchokozwa na kubana na kuinua: kubeba pingili kwa vidole, au kutumia nyundo ya mkono mmoja.

Maumivu ya upande wa kidole cha mwisho huja zaidi unapouzungusha mkono, kama unapofungua kifuniko cha chupa, au unapokipinda kifundo kuelekea kidole hicho. Huo ndio mkao wa mikono pigo la shoka linapomalizikia, ndiyo maana watu wa kundi hili huumizwa na shoka la aina yoyote.

Ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, hasa usiku, ni dalili ya neva inayobanwa kifundoni. Huyu huumizwa na kubana kwa muda mrefu na mtetemo. Msumeno wa mnyororo, unaoonekana kama unamwokolea kazi, kwake ni mbaya kuliko shoka.

Hali nyingine si za kuchagua chombo kabisa. Uliyeanguka ukajizuia kwa kiganja, na sasa pana maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya gumba, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Mfupa mdogo uliopo hapo ukipata ufa, picha ya siku ya kwanza inaweza isiuonyeshe, na mara nyingi huhitajika kurudia baada ya wiki mbili hivi. Kifundo kilichovimba, chekundu, cha moto, pamoja na homa, ni cha hospitali siku hiyohiyo. Ukiona unadondosha vikombe, au nyama ya chini ya gumba inapungua, kuni zisubiri mpaka daktari aone.

Mti na urefu wa pingili huamua zaidi ya chombo

Mkaratusi ni rahisi kuchanja ukiwa mbichi. Ukiachwa ukauke ukiwa gogo zima, nyuzi zake zilizosokotana hukaza, na shoka hurudi kama lililogonga jiwe. Uchanje ndani ya wiki chache tangu ukatwe, kisha uache vipande vikauke vikiwa vimeshapasuliwa. Muwati nao ni hivyohivyo. Mgrevilea una nyuzi zilizonyooka na unasamehe makosa. Msaipresi hupasuka vizuri kati ya fundo na fundo, lakini usiopogolewa una mafundo mengi. Mwembe, mgunga mkavu na mvinje mkavu si kuni za kuchanja kwa mkono ukiwa na kifundo kinachouma. Uwaachie wenye msumeno.

Urefu una uzito uleule. Wakata magogo wengi huacha vipande vya sm 60 hadi mita moja, kwa mazoea tu. Omba sm 30. Gogo la mita moja linahitaji kukatwa mara mbili tu kupata pingili tatu za sm 33, na nguvu inayohitajika kuipasua kila moja hupungua sana kwa sababu eneo la kupasuka ni dogo. Ukipikia mafiga, sm 30 utaona fupi, kwani utakuwa unasogeza kuni mara kwa mara. Basi kubali sm 40. Kwa jiko sanifu lenye mlango mdogo, sm 30 inatosha.

Vipande vyembamba kuliko sm 8 usivichanje kabisa. Machipukizi ya mkaratusi au ya glirisidia yakivunwa yakiwa na unene wa sm 4 hadi 6 hukatwa kwa msumeno wa upinde na kuingia jikoni jinsi yalivyo. Hakuna pigo lolote hapo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu: kubeba. Pingili mbichi ya mkaratusi yenye kipenyo cha sm 30 na urefu wa sm 30 ina zaidi ya kilo 20. Ukiinyanyua kwa vidole vilivyobana magome, kifundo kimeshachoka kabla hujagusa shoka. Iviringishe kwa mguu, iinamishe ukingoni mwa kisiki, kisha isukume juu kwa viganja vilivyo wazi na viwiko vilivyo karibu na mwili.

Shoka jembamba na shoka zito

Shoka la kawaida la dukani lina kichwa cha kilo 1.5 hadi 2 na mashavu membamba. Limetengenezwa kukata nyuzi za mti kwa kukingama. Ukilitumia kuchanja huzama ndani na kunaswa. Shoka la kienyeji, lile ambalo mkia wa chuma hupenya kichwa kinene cha mpini, hunasa upesi zaidi, na ukilivuta kwa nguvu mpini hupasuka palepale kwenye tundu. Yote mawili ni mazuri kwa matawi na kwa vipande vidogo vya mgrevilea. Kwa pingili nene yaache.

Likinasa, usilitingishe kushoto na kulia. Huko ndiko kifundo kinakoumizwa. Chukua kipande cha kuni, ugonge mwisho wa mpini kutoka juu kwenda chini, makali yainuke upande wa mbele. Kisha ugonge kutoka chini kwenda juu, yainuke upande wa nyuma. Mikono yako haibebi mshtuko mkubwa.

Shoka zito la kuchanjia lina kichwa cha kilo 2.5 hadi 3.6 na mashavu mapana yanayosukuma mti utengane badala ya kuzama. Hapo ndipo linapolishinda lile jembamba: hunasa mara chache sana, na kwa uzito wake halihitaji kurushwa kwa kasi. Gharama yake ni kuliinua. Kwa kifundo kinachouma chukua la kilo 2.5 hadi 2.7, lenye mpini wa sm 80 hadi 90. La kilo 3.6 liwe la mtu mwenye mikono mizima, kwa sababu linapokengeuka huwezi kulidhibiti bila kubana.

Namna ya kulipiga ina tofauti kubwa:

1. Kisiki cha kuchanjia kiwe na urefu wa sm 30 hadi 40. Kikiwa kirefu zaidi, shoka hutua kabla halijashika nguvu.
2. Mkono wa chini ukae mwisho wa mpini, wa juu uwe karibu na kichwa. Inua kichwa wima mbele ya kifua, si kwa kuzungusha pembeni.
3. Kikianza kushuka, mkono wa juu uteleze mpaka ukutane na wa chini. Piga magoti kidogo ili kichwa kishuke wima.
4. Kabla tu ya kutua, legeza vidole. Mpini ushikwe kiasi cha kutochomoka tu. Hapa pana faida kubwa, kwa sababu mpini uliobanwa hupitisha mshtuko wote hadi kwenye kifundo.

Valisha pingili tairi kuukuu la gari dogo, lililolazwa juu ya kisiki na kufungwa kwa misumari. Vipande vinabaki vimesimama, unavipiga tena bila kuinama na kuviokota, na shoka likikengeuka hukutana na mpira badala ya muundi. Usilijaze hadi kubana. Acha nafasi ya vidole viwili kuzunguka pingili ili vipande vipate pa kutanukia.

Kabari na nyundo nzito

Hiki ndicho chombo tunachokipa nafasi ya kwanza kwa pingili zenye kipenyo cha zaidi ya sm 20, kama maumivu yako ni ya upande wa gumba au ni ya wastani. Sababu ni rahisi: kinachonasa ni kabari, na kabari haiko mkononi mwako. Nyundo haizami, haina makali ya kukengeuka, wala haihitaji kurushwa kutoka juu ya kichwa. Inainuliwa hadi bega tu, kisha unaiachia iangukie.

Vipimo vinavyofanya kazi: kabari mbili za chuma zenye urefu wa sm 20 hadi 23 na uzito wa kilo 2 hadi 2.5 kila moja, na nyundo ya kilo 3 hadi 4 yenye mpini wa mti. Kabari moja haitoshi, kwani ikizama bila pingili kupasuka huna cha kuitolea. Ya pili hupigwa kwenye ufa uleule, sm 10 hivi kutoka ya kwanza, na ya kwanza inalegea yenyewe. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kutokana na ekseli kuukuu. Chuma laini cha nondo hupinda ncha baada ya siku chache.

Usiipige kabari kwa shoka lako. Shoka lina tundu la mpini lenye kuta nyembamba na hupanuka, kisha kichwa huanza kucheza.

Mahali pa kuiweka ndipo kazi inaposhindwa au kufaulu. Tazama uso wa pingili: nyufa ndogo huanzia katikati na kuelekea ukingoni. Weka kabari juu ya ufa mrefu kuliko yote, si katikati bali karibu theluthi moja kutoka ukingoni. Fundo la tawi liwe upande wa chini, ili mpasuko uanzie kwenye nyuzi safi na ufike kwenye fundo ukiwa umeshashika nguvu. Pingili nene kuliko sm 35 usijaribu kuipasua katikati. Imenye pembeni, ukitoa mabanzi ya sm 8 hadi 10 kuizunguka, mpaka ubaki na kiini unachoweza kukipasua.

Sehemu mbaya kwa mkono ni kuianzisha kabari, kwa sababu lazima uishike kwa mkono mmoja na kuigonga kwa mwingine. Kata kwanza mkato wa sm 1 hadi 2 kwa msumeno, usimamishe kabari humo, uigonge kwa nyundo ndogo ukitumia mkono mzima. Mkono unaouma ukae mbali, usiishike kabari. Wapo wanaotumia nyundo ya mti badala ya chuma kwa kabari. Huchakaa haraka, lakini mlio na mshtuko wa chuma juu ya chuma hupungua sana. Kwa wenye ganzi ya vidole tunaipendekeza bila kusita.

Kichwa cha kabari kikianza kuchanua kama uyoga, kisagwe kingo. Vipande vinavyoruka kutoka hapo vimetoboa macho ya watu wengi. Vaa miwani.

| Chombo | Kinachosumbua kifundo | Kinapofaa | Kasi |
|---|---|---|---|
| Shoka jembamba | kunasa, kujizungusha | matawi, vipande vidogo | ya kati |
| Shoka zito kilo 2.5–2.7 | kuinua, pigo la pembeni | pingili mbichi za sm 15–30 | kubwa |
| Kabari na nyundo | kuianzisha kabari, mshtuko wa chuma | pingili nene, zenye mafundo | ndogo |
| Kabari ya kusimama | kugonga kwa mkono mmoja | vijiti vya kuwashia | ya kati |
| Jeki | kupampu mara nyingi | pingili sawasawa za sm 30 | ndogo sana |

Kabari ya kusimama

Hapa mambo yamegeuzwa: makali yamesimama yakitazama juu ndani ya pete ya chuma, unaweka kipande juu yake na kukigonga kwa nyundo. Msichana wa New Zealand, Ayla Hutchinson, aliibuni akiwa mwanafunzi, na sasa inauzwa kwa jina la Kindling Cracker. Fundi wa mtaani anaweza kutengeneza inayofanana na hiyo kwa springi ya gari iliyonolewa na pete ya bomba nene, vyote vikichomelewa kwenye bamba lenye matundu ya skrubu. Ni nzuri kwa kupunguza vipande vya sm 10 kuwa vijiti vya sm 3 vya jiko sanifu. Gonga kwa nyundo ya kilo 1 hadi 1.5, na kwa mkono usiouma. Wenye kano za gumba zilizovimba mikono yote miwili waiache.

Jeki na mashine

Jeki ya chupa ya tani 10 hadi 20, ikiwekwa ndani ya fremu ya chuma yenye kabari upande mmoja, huchanja bila pigo hata moja. Kwa maumivu ya upande wa kidole cha mwisho hatuoni kingine cha mkono kinachoikaribia. Wenzo wa kupampu uwe kwenye usawa wa kiuno, uurefushe kwa bomba la sm 60, na uusukume kwa uzito wa mwili huku kifundo kimenyooka.

Kuna masharti. Jeki ikilazwa, upande wa pampu uwe chini, vinginevyo itavuta hewa na kukosa nguvu. Nguzo ya jeki inayosukuma hutoka takriban sm 15 tu, kwa hiyo pingili zote ziwe na urefu mmoja. Kujaza nafasi kwa kupanga vipande vya chuma ni hatari, kwani huruka vikiwa vimebanwa na tani kadhaa. Fremu iwe ya chuma kinene chenye umbo la I; ya bomba jembamba hufunguka kwenye kiungo. Simama ubavuni, kamwe si kwenye mstari wa jeki. Mkaratusi mbichi hupasuka kabari ikiingia sm chache tu, halafu hubaki ukishikiliwa na nyuzi; hizo zikate kwa shoka dogo.

Mashine za umeme za haidroliki, zinazotumiwa sana na wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini wenye majiko ya kuni, nyingi ni za tani 5 hadi 7 na hupokea pingili za hadi sm 50. Zile zenye vishikio viwili, vinavyotaka mikono yote miwili ndipo zifanye kazi, ni salama. Usivifunge kwa waya ili ufanye kazi kwa mkono mmoja. Ile ya koni yenye parafujo inayozunguka usiinunue, hata iwe rahisi vipi. Hushika kanga, mkono wa shati au glavu na kuvuta mkono pamoja navyo.

Mpini, glavu na bamba la kifundo

Shoka lililochomelewa kwenye bomba la chuma linauzwa kila soko kwa sababu mpini wake hauvunjiki. Kwa kifundo kinachouma, tafuta lenye mpini wa mti, kwani bomba hupitisha mshtuko wote. Unene mzuri ni ule ambao ukishika, ncha ya kidole cha kati inakaribia kugusa kiganja. Kwa wengi ni sm 3 hadi 4, umbo la yai, ili mkono uhisi upande makali yalikoelekea bila kubana.

Mpini ukiteleza, viringisha tyubu ya baiskeli kwenye sm 15 za mwisho tu. Ukiuviringisha wote, mkono wa juu hautateleza na utaanza kuuvuta. Glavu nene nazo hukulazimisha kubana zaidi. Za ngozi nyembamba zinatosha. Kichwa kinachocheza kikazwe kwa kabari ndogo ya mti mgumu. Kuloweka shoka ndoo ya maji hukikaza kwa siku moja, mti ukikauka hulegea kuliko mwanzo.

Bamba gumu la kifundo, lile linalofungwa ili kisipinde, ni la kulalia usiku kwa wenye ganzi. Ukichanja nalo, mzigo huhamia kwenye kiwiko na bega, na shoka hulielekezi sawasawa. Bandeji laini haina shida. Dawa ya maumivu isimezwe kabla ya kazi ili uvumilie.

Tungechagua hivi

Maumivu kidogo, mkaratusi mbichi wa sm 30, na una tairi: shoka zito la kilo 2.5. Upande wa gumba, au kuni zenye mafundo: kabari mbili na nyundo. Ganzi: kabari na nyundo ya mti kwa muda mfupi, na msumeno wa mnyororo ashike mwingine. Upande wa kidole cha mwisho, au vifundo vyote viwili: jeki, au umlipe mtu achanje mzigo mzima ungali mbichi, siku ileile magogo yanapokatwa. Bei yake hapo huwa nafuu, kwa sababu anajua kuni hizo zikikauka zitamchosha mara mbili.

Chochote utakachochagua, siku ya kwanza fanya dakika 10 tu, hata kama mkono hauumi. Kipimo ni asubuhi inayofuata: kifundo kikiwa kama kilivyokuwa jana kabla ya kazi, ongeza dakika 5. Kikiwa kigumu zaidi au kimevimba, pumzika hadi kirudi, kisha punguza nusu au badilisha chombo.